Ilani na Kibali: Serikali na Mikusanyiko ya Umma Nairobi, 1922 hadi 2024

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, ndugu na dada zangu, nawashukuru kwa kunialika. Nimepewa mada pana, yaani madaraka ya serikali na harakati za mageuzi katika historia, nami nitaibana makusudi ili nisiwapeleke kila pembe ya dunia na kuwarudisha mikono mitupu. Swali langu ni hili: wananchi wanapokusanyika kudai jambo, serikali hushughulikia nini kwanza, dai lenyewe au mkusanyiko? Kwa kadiri ninavyoisoma historia ya jiji hili, hushughulikia mkusanyiko. Dai hungoja, na likitekelezwa hutekelezwa nusunusu, bila mtu yeyote kukiri kwamba kulikuwa na waliolidai.

Tuanze mwaka 1922. Harry Thuku alikuwa mfanyakazi wa simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1921 aliongoza chama cha East African Association, ambacho kiliwakusanya wafanyakazi wa Nairobi bila kuuliza mtu ametoka kabila gani. Walipinga kipande, yaani hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo, kodi iliyopanda, kazi ya lazima iliyowakumba hata wasichana, na hatua ya walowezi ya kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikuwa umekizingira kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na mahali kilipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Ujumbe ulitumwa kuzungumza na wakuu wa serikali, ukarudi na neno moja: watu watawanyike.

Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama, akapandisha vazi lake hadi mabegani na kuwaambia wanaume wachukue nguo yake, wao wampe suruali zao, kwa kuwa wamekuwa waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea kituoni, na askari wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka hapo, wanasemekana kuwa nao walifyatua zao. Zaidi ya watu 20 waliuawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akabaki uhamishoni hadi mwisho wa mwaka 1930. Na kodi? Ilishushwa mwaka huohuo wa 1922, kutoka shilingi 16 hadi 12, aliyeongoza madai akiwa kizuizini. Kipande kilisubiri hadi 1947.

Msidhani mtindo huu ulibuniwa Nairobi. Agosti 1819, mjini Manchester, askari wa farasi walivamia umati wa makumi ya maelfu waliokuja kudai uwakilishi bungeni, na kabla mwaka haujaisha Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyozuia mikutano ya siasa ya watu zaidi ya 50 bila idhini ya wakuu wa mahali. Miaka 13 baadaye Bunge hilohilo lilipitisha mageuzi ya uwakilishi. Waliokuja kututawala walikuwa wameshajifunza kwao namna ya kutawanya mkutano.

Sasa twende 1950, mwaka ambao kwa maoni yangu haujapata nafasi unayostahili katika vitabu vyetu. Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameunganisha vyama vya wafanyakazi mwaka uliotangulia. Katika mkutano wa Aprili 1950 kwenye ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai hadharani uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Katikati ya Mei yeye na Kubai walikamatwa, na Nairobi ikagoma kwa zaidi ya wiki nzima. Makhan Singh hakuachiliwa hadi 1961. Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo hadi leo ni Sura ya 56 ya sheria zetu, ilianza kutumika Juni 1950. Sidai kwamba iliandikwa kwa ajili ya mgomo huo, kwa sababu miswada haiandikwi usiku mmoja. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo hewa iliyoizaa, na kwamba bendera ilipobadilishwa mwaka 1963 sheria hiyo ilibaki pale pale. Mwaka 1966 serikali huru ikaongeza sheria yake ya kuwazuilia watu bila kesi.

Ndiyo maana wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotaka kufanya mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, walinyimwa kibali kilichohitajika chini ya Sheria hiyo ya Utulivu wa Umma, na siku tatu kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini. Watu walikuja Kamukunji hata hivyo, wakakutana na rungu, vitoa machozi na risasi. Desemba 1991 chama tawala, kikibanwa pia na wafadhili waliokuwa wamezuia misaada, kilikubali kufuta kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Dai likakubaliwa. Kanuni ya kibali haikuguswa.

Matokeo yake yalionekana baada ya miezi michache tu. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula Uhuru Park wakitaka wana wao waachiliwe. Walikuwa wazee, wengi wao kutoka mashambani, wamekaa chini ya turubai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo Nyanjiru aliitumia miaka 70 kabla, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints na kuendelea na mgomo wao huko, na kufikia mwaka uliofuata wengi wa wafungwa waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa.

Kanuni yenyewe ilibadilishwa mwaka 1997, baada ya polisi kuwashambulia waandamanaji hadi ndani ya kanisa hilohilo tarehe 7 Julai. Wabunge wa pande zote walikubaliana kwamba mwandalizi wa mkutano hataomba tena kibali. Atatoa ilani kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Katiba ya 2010, katika ibara ya 37, iliimarisha haki hiyo kwa kila mtu anayekusanyika kwa amani bila silaha. Ninayaona mabadiliko haya madogo ya 1997 kuwa na uzito kuliko chaguzi kadhaa tulizozishangilia, ingawa bado husikika afisa akitangaza kwamba maandamano ya kesho "hayajapewa kibali," na wanahabari wakimnakili bila kumuuliza kibali hicho kinatolewa kwa sheria ipi.

Juni 2024 imeleta ugumu mwingine. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, walisema wazi kwamba hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Lakini ilani inayotakiwa na Sura ya 56 lazima iwe na jina la mwandalizi na anwani ya mahali anapopatikana, siku na saa ya mkutano, ambayo ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali pa kukutania au njia itakayofuatwa. Ningependa wanasheria waliomo ukumbini watueleze, tutakapofungua maswali, ni nani anayepaswa kuandika jina lake hapo wakati walioitana ni maelfu ya watu kwa simu zao, na je, mahakama ikikosa jina hilo iuhesabu mkusanyiko mzima kuwa haramu, au ibara ya 37 inatosha kuulinda?