Vikundi vya kupungua uzito huku Uingereza: vinasaidia au tunachangishana tu?

Haya wapendwa, habari zenu, karibuni tena. Leo sitoki nje, mvua ya Coventry mshaizoea kwenye video zangu, kwa hiyo tunakaa hapa hapa jikoni tuongee. Kama unapika, egemeza simu kwenye kopo la chumvi, endelea na shughuli zako.

Tangu niliposema kwenye ile video ya zamu za usiku kwamba huwa nakwenda kikundi cha kupungua, meseji hazikauki. Dada mmoja wa Mbagala kaandika: "Hivi kweli mnalipa hela kwenda kupimwa kilo mbele za watu?" Ndiyo dada yangu, tunalipa, kama pauni 7 kwa wiki, na foleni inafika mlangoni.

Nikupe jibu kabisa, mwenye bando dogo asiteseke. Vikundi vinasaidia. Vinakutoa kilo chache, si ishirini, na hizo kilo zinakaa huko zilikokwenda kwa muda ule unaoendelea kuhudhuria. Ukiacha, nyingi zinarudi. Basi, mwenye haraka aende, wengine tuendelee.

Kinavyokuwa ni hivi. Ukumbi wa kanisa, Jumanne jioni, viti vya plastiki vimepangwa duara. Kabla ya yote, mizani. Mtu anavua viatu, anavua koti, mkanda, hereni. Kuna mama mmoja wa Kijamaika, mtu mzima, heshima zake, yeye anavua mpaka wigi, analilaza kwenye kiti, ndiyo anapanda. Kiongozi anaiangalia namba, anakuandikia kwenye kijitabu chako, kimya. Hiyo namba haitangazwi, dada wa Mbagala, hapo ondoa wasiwasi. Kinachotangazwa ni mabadiliko tu, na huku wenzetu wanahesabu kwa ratili, moja ni kama nusu kilo. Ratili mbili zimetoka, makofi. Ratili moja imeongezeka, hakuna anayekucheka, ila utaulizwa: wiki hii ilikuwaje? Na hapo ndipo penye kazi. Mmoja anasema mumewe amelazwa, alikuwa anakula chipsi za hospitali usiku. Mwingine yuko zamu ya usiku kama mimi, anajua ile njaa ya saa tisa alfajiri ambayo si njaa. Mtu anamjibu: mimi hubeba supu kwenye chupa ya chai. Unaondoka na hilo la supu. Aliyepungua zaidi wiki hiyo anachukua kapu la matunda, kila mmoja wetu kaleta tunda lake.

Chakula hukatazwi. Unahesabu. Wali upo, viazi vipo, samaki na maharage kula. Mafuta, sukari na pombe ndivyo vyenye hesabu kali. Kwetu sisi watu wa pwani balaa ni tui. Chukua kopo la tui zito la mililita 400, soma ubavuni: kama kalori 700. Sasa jiulize kopo hilo linaingia kwenye sufuria ya watu wangapi.

Mambo haya yalianza na akina mama wa nyumbani. Jean Nidetch, mwanamke wa Queens, New York, mwaka 1961 alipewa mlo na kliniki ya jiji, ukamshinda kuufuata peke yake, akaita marafiki nyumbani kwake wawe wanaelezana ukweli. Mwaka 1963 ikawa kampuni, Weight Watchers, na mwaka 1978 Heinz, hao hao wa tomato, wakainunua. Huku Uingereza mwaka 1969 Margaret Miles-Bramwell akaanzisha Slimming World kule Derbyshire. Mpaka leo viongozi wa vikundi hivi kwa kawaida ni watu waliowahi kuwa wanachama wakapungua. Ukimdanganya kuhusu biskuti, yeye alishamdanganya mwenzake uongo huo huo.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana picha za kabla na baada hata mimi naweza kukupigia, ni suala la taa na kubana tumbo.

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa watu 772 wa Uingereza, Ujerumani na Australia. Nusu walibaki na ushauri wa daktari wao wa kawaida, nusu wakalipiwa Weight Watchers mwaka mzima. Mwaka ulipoisha, wa daktari wamepungua wastani wa kilo 2 na robo, wa kikundi kilo 5. Kilo 5, kwa mwaka! Linganisha na yule wa Instagram anayekuahidi kilo 15 kwa wiki 2. Na msimeze hiyo 5 bila kutafuna: utafiti uligharamiwa na kampuni yenyewe, na katika kila watu 10 waliopelekwa kikundini, karibu 4 hawakufika mwisho.

Ukafuata mwingine hapa England, zaidi ya watu 1,200, ukatoka 2017. Hawa waligawanywa mara tatu. Wa kwanza walipewa kijitabu na maneno mawili matatu, wa pili kikundi kwa wiki 12, wa tatu kikundi kwa wiki 52. Baada ya mwaka, wa kijitabu wametoa kilo 3 na kidogo, wa wiki 12 karibu 5, wa wiki 52 karibu 7. Baada ya miaka 2, zimeshaanza kurudi: 2 na kidogo, 3, na 4 na kidogo. Walipofuatiliwa tena mwaka wa 5, wale wa wiki 52 walikuwa bado chini ya walipoanzia, lakini kwa kilo 2 na ushei tu.

Hapa nina ugomvi na mfumo wa huku. Sehemu nyingi daktari anaweza kukuandikia kikundi bure, lakini ni wiki 12. Kumi na mbili! Ndiyo kwanza umejua kusoma ubavu wa kopo, bure imeisha, jilipie. Ushahidi unaonyesha mwaka mzima ni bora, wao wanabana matumizi wiki ya 13.

Mtu ataniambia, dada, kilo 5 ndiyo nini, hata gauni halijalegea. Sikiliza. Marekani, mwaka 2002, ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilisimamiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 6 na kidogo. Hatari yao ya kuugua kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, vile vidonge vya sukari, asilimia 31. Ninyi mnaopeleka wazazi kliniki ya sukari kila mwezi mnajua hiyo 58 ina thamani gani.

Kwa nini kikundi kinafanya kazi kuliko mtu peke yake? Ni vikoba, hakuna ajabu. Hela unaweza kuiweka kwenye kibubu chako mwenyewe, nani kakuzuia? Lakini ukijua Jumamosi jina lako litaitwa na mama fulani anakutazama, hisa unaipata. Mizani ya Jumanne inafanya kazi kuanzia Ijumaa, pale unaposimama mbele ya friji na kumkumbuka yule mama wa wigi.

Kwa nini kilo zinarudi, hapo naomba tuwe na adabu na watu wanene, mimi nikiwemo. Watafiti wa Melbourne mwaka 2011 waliwapunguza watu 50 kwa mlo mkali sana wa wiki 10, wakapima homoni za njaa na za shibe. Mwaka mmoja baadaye homoni hizo zilikuwa bado zimevurugika, na watu walisikia njaa kuliko kabla hawajaanza. Mwili hauna habari kwamba una harusi Desemba, unadhani kuna ukame. Na mwili mdogo unachoma kidogo, kwa hiyo sahani iliyokupunguza jana kesho ndiyo sahani ya kukubakiza hapo hapo. Anayekuambia huna nidhamu, mwambie akae na njaa ya mwaka mzima halafu aje.

Lakini kuna jambo tafiti za wazungu hazilipimi, nalo ni mama mdogo wangu wa Tanga. Aliposikia naenda kikundini alinitumia sauti: "Usijikondeshe mwanangu, watu watasema." Na kweli walisema. Nilipokuja likizo, jirani alimvuta mama pembeni kumuuliza kama nameza dawa. Kwetu ukinenepa umenawiri, Ulaya imekukubali, mume anakutunza. Ukipungua, watu wanashusha sauti. Simlaumu jirani. Sisi tuliozika watu miaka ya 90 tunajua hofu hiyo imetoka wapi. Ila ona kazi inavyokuwa mara mbili: huku napigiwa makofi kwa ratili moja, huko naongezewa pande la nyama kwa huruma. Kwa hiyo mkianzisha kikundi huko Dar, kisiwe cha mashosti watatu wa ofisini tu. Anayepakua chakula nyumbani awemo, au angalau ajue. Mama mdogo nilimwambia daktari kasema presha. Neno presha analiheshimu, kilo hataki hata kuzisikia.

Tena kuna kipimo chetu sisi watu weusi wengi hawaambiwi. Ile hesabu ya BMI, yaani kilo zako ugawe kwa urefu wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo, wengi wanaambiwa 25 umezidi, 30 ni unene wa ugonjwa. Huku watu wenye asili ya Afrika na Asia wanashushiwa mstari: 23 na 27.5, kwa sababu sukari na presha hutuanza mapema. Mwanamke wa sentimita 160, mstari ule wa juu unaanza kilo 70, si 77. Shika hiyo namba usije ukaambiwa "wewe bado" na mtu mwenye chati ya ukutani.

Najua nyumbani mna vikundi vya WhatsApp, "siku 30 bila kitambi" na vinginevyo. Vingine vizuri tu. Angalia jambo moja: mwenye kikundi anauza nini? Akiuza chai, toka. Nyingi ya chai hizo, soma pakiti, kuna sanamaki, ile ile bibi zetu walikunywesha ukikosa choo. Mizani itashuka ndiyo, umetoa maji na choo, mafuta yapo pale pale yanakusubiri, na tumbo likizoea kusukumwa kila siku linagoma lenyewe.

Na sindano za kupunguza uzito? Nimeulizwa mno. Video yake inakuja, leo kwa ufupi. Kwenye majaribio ya semaglutide, dawa iliyomo kwenye sindano hizo, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, hakuna kikundi kinachofika hapo. Walioacha sindano, ndani ya mwaka, theluthi mbili ya walichokitoa kilirudi. Bei yake kwa mtu wa Tanzania tusiizungumzie. Zimewatikisa hata wenye vikundi: Weight Watchers yenyewe, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 1.1, Mei 2025 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, na sasa nao wanawaunganisha wanachama na madaktari wa kuandika sindano.

Nimalizie na wanaume, maana kikundini kwetu wapo wawili na mmoja analetwa na mkewe. Si kwamba wanaume hawapungui, ni kwamba hawaingii ule ukumbi. Waskoti walilifikiria hili vizuri sana. Walichukua vilabu 13 vya mpira wa kulipwa, wakawaambia mashabiki wenye vitambi, umri 35 hadi 65, njooni uwanjani kwenu. Vipindi 12, kila kimoja dakika 90, chini ya makocha wa klabu: nusu darasa la chakula na bia, nusu mazoezi pembeni ya uwanja ule ule wanaoulipia kiingilio. Wanaume zaidi ya 740 waliingia kwenye utafiti. Baada ya mwaka, waliopitia vipindi walikuwa wamepungua kilo 5 na nusu, waliokuwa bado wanasubiri zamu nusu kilo. Baada ya miaka 3 na nusu walikuwa bado chini kwa karibu kilo 3. Hawakuitwa wagonjwa, hawakuambiwa wanakonda, walivaa jezi.

Sasa nani kasema Simba na Yanga hawawezi? Makocha wapo, matawi yapo kila mtaa, vitambi ndiyo usiseme. Shemeji yangu wa Morogoro, Yanga damu, nilimweleza habari hii kwenye simu. Akasikiliza, akanyamaza, akasema atakwenda, ila mizani isiwe nyekundu.