Jani Likifungua Mdomo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kupanda mpaka huku juu na jua lote hili la Moshi.

Nianze na mfuko huu. Ni wa nailoni, na najua mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo msiniulize nimeufukua wapi. Saa mbili asubuhi niliufunga kwenye tawi la ule mbuni, mti wa kahawa, hapo nje. Sasa ni saa sita. Upitisheni. Mnaona ukungu ndani, na pale kwenye kona maji yametuama, kijiko kimoja hivi. Hakuna aliyenyunyiza. Yametoka kwenye majani.

Sasa chukueni jani la kahawa mligeuze. Huku juu panapong'aa hapana tundu hata moja. Matundu yako upande wa chini, madogo mno kwa macho matupu. Wataalamu huyaita stomata. Kila tundu limezungukwa na seli mbili mfano wa midomo. Zikijaa maji hupinda, tundu likafunguka. Zikilegea, linafunga.

Watu husema mmea unatoka jasho. Usemi huo siupendi sana. Ni kweli jani hupoa, lakini halifungui mdomo ili lipoe. Linafungua ili lipate chakula. Linatafuta kaboni dioksidi hewani, gesi ya kujitengenezea chakula, nayo haiingii bila mvuke kutoka. Mlango ni uleule.

Na bei yake ni kubwa: zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi huishia hewani. Mwaka 1727 Mwingereza Stephen Hales alichapisha vipimo vyake. Alipanda alizeti kwenye chungu, akauziba udongo, akawa anakipima chungu kwenye mizani asubuhi na jioni. Alizeti ya kimo cha mita moja hivi ilipoteza zaidi ya nusu kilo kwa siku.

Mimi somo hilo nililipata kwa hasara. Nilipoanza kulima nilihamisha miche 40 ya kahawa saa saba mchana. Udongo ulikuwa chepechepe, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yalipita jana yake. Kufika jioni miche yote imelala, nami nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe nilipoing'oa nilikata vile vinywele vyembamba vya mizizi ambavyo ndivyo vinavyokunywa, huku majani yakiendelea kutoa. Mche ulikauka mizizi ikiwa kwenye tope. Siku hizi nahamisha jioni, na udongo wake, chini ya kivuli.

Mgomba nao una lake. Saa saba jua likiwaka, jani hukunjika kwenye uti wake, mabawa mawili yakaning'inia. Mwenye kihamba, shamba la nyumbani, akiona hivyo hukimbilia maji, apigane na jirani juu ya zamu. Mwacheni mgomba, anajikinga tu. Rudini saa kumi na mbili jioni. Mkiukuta bado umejikunja, hapo ndipo mfungue mfongo.