Mjomba Zuhura, ingia ndani

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu kliniki ya wanyama, ninayo hapa kwenye karatasi: chanjo, minyoo na kuhasi. Lakini kaka Hamisi, niache kwanza nilitoe la Jumanne, maana toka siku ile sijalala vizuri.

HAMISI: Litoe, dada. Nilikupigia mara tatu hukupokea, nikajua kuna jambo.

ZUHURA: Mjomba alitaka kufa.

HAMISI: Mjomba paka, jamani, asije mtu akaanza kutuma rambirambi. Ehe?

ZUHURA: Jumatatu usiku namgusa masikio, yana moto. Kajikunyata chini ya kabati, hata dagaa hataki. Nikafanya kama mama alivyokuwa akitufanyia sisi wadogo. Nikachukua Panadol, nikakata nusu, nikasaga, nikamtilia kwenye mchuzi wa samaki.

HAMISI: Ee, dada!

ZUHURA: Nilidhani namponya. Asubuhi naamka, uso umevimba, miguu ya mbele imevimba, anahema mdomo wazi. Namfunua kinywa, ule ufizi wa pinki umegeuka rangi ya kahawa. Nikamtia kwenye kapu la ukindu, nikamfunika kanga, bajaji kutoka Ngamiani moja kwa moja mpaka kliniki. Nafika dirishani, dada wa mapokezi ananiuliza, "Jina la mgonjwa?" Nikamwambia Mjomba. "Mjomba nani?" Sikuelewa anataka nini, nikataja jina langu. Akaandika kwenye kadi: Mjomba Zuhura.

HAMISI: [anacheka] Samahani. Endelea.

ZUHURA: Wewe cheka tu. Mlango ulipofunguliwa na wakaita "Mjomba Zuhura, ingia ndani", mzee mmoja aliyekuja na mpwa wake na mbwa wao akanyanyuka akaelekea mlangoni.

HAMISI: Kaitwa mjomba, angekaaje?

ZUHURA: Na aliponiona na kapu langu nalia, akarudi nyuma akanishikia mlango. Mungu ampe umri mrefu mzee yule.

HAMISI: Lakini hili la majina si dogo. Mimi nikimpeleka mbwa wangu Simba kuchanjwa, pale benchini huwa tumekaa Simba watatu, wanne. Wakiita "Simba!" tunanyanyuka wote. Mara moja nusura Simba wangu apigwe sindano ya Simba wa watu, na yule alikuwa na kivimbe sehemu za siri, ule ugonjwa wanaoambukizana wakipandana. Ile sindano yake ni dawa kali, hupigwa mara moja kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Wangu alikwenda kwa chanjo tu!

ZUHURA: Sasa kwa nini umemwita Simba?

HAMISI: Nilimkuta na jina. Babu yangu kule Muheza ndiye aliyekuwa na mbwa mwenye jina. Mbwa wa babu akiitwa Watasema.

ZUHURA: Watasema?

HAMISI: Watasema. Babu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani. Kumsemesha jirani hawezi, wamekatana maneno. Basi kila jioni anasimama mpakani: "Watasemaaa! Njoo ule! Watasema, kula ulale!" Jirani anasikia kila neno.

ZUHURA: [anacheka sana] Kama kanga!

HAMISI: Ni kanga yenye miguu minne. Na jirani naye hakukubali, akafuga mbwa wake akamwita Hayawahusu. Basi magharibi ikifika, huku "Watasema", kule "Hayawahusu". Wazee wawili wanajibizana, na mbwa wenyewe wanacheza pamoja kwenye mihogo.

ZUHURA: Kwetu bibi alikuwa na paka akiitwa Subira. Akimwita, mama mkwe wake chumba cha pili anakohoa.

HAMISI: Kwa hiyo Mjomba naye ni ujumbe?

ZUHURA: Hapana. Siku mjomba wangu alipohamia Pangani, jioni yake paka huyu aliingia ndani, akaenda kulala kwenye kiti chake. Mama akasema, "Haya, mjomba karudi." Ndiyo hivyo.

HAMISI: Jina zuri hilo. Mjomba wa kweli anajua?

ZUHURA: Anajua, na akipiga simu huanza kumuulizia wajina wake. Lakini umenitoa kwenye hadithi. Unajua kilichoniuma? Kabla hawajatuita nilisimamishwa pale dirishani. Mnyama anahema mdomo wazi, wananiambia lipia kwanza, elfu kumi na tano ya kumuona daktari. Simu yangu inatafuta mtandao, hela haitoki. Nimesimama, paka anabadilika rangi mikononi mwangu. Kaka, lile si jambo la kumfanyia mtu.

HAMISI: Nakuelewa, dada, lakini mimi siwalaumu.

ZUHURA: Huwalaumu?

HAMISI: Siwalaumu. Nimewahi kumuona mtu kaleta mbwa mwenye ugonjwa wa parvo, anatapika, anaharisha damu. Wakamtundikia dripu, wakamhudumia siku nne. Mwenyewe simu hapokei. Mbwa akapona, mwenye mbwa hakurudi. Ile dripu nani alilipa? Hawa hawana ruzuku, dada, wananunua dawa kwa fedha taslimu.

ZUHURA: Kwa hiyo Mjomba amlipie yule aliyekimbia?

HAMISI: Sijasema hivyo.

ZUHURA: Ndivyo ulivyosema. Mimi sikukataa kulipa. Nasema mpokeeni, mwekeeni hewa, mimi niko hapa, nichukulieni hata simu yenyewe muiweke rehani. Dakika kumi za hewa zinamfilisi nani?

HAMISI: Leo wewe, kesho mwingine, na kila mmoja ana dakika kumi zake. Kliniki ikifungwa, kapu lako utalipeleka wapi? Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo, SUA?

ZUHURA: Usinitishe na Morogoro. Mgonjwa anayekata roho hapangi foleni ya malipo.

HAMISI: Na dawa haijazi kabati kwa huruma.

[kimya]

ZUHURA: Hapa hatukubaliani.

HAMISI: Hatukubaliani. Lakini niambie, daktari alifanyaje?

ZUHURA: Daktari sina neno naye. Binti mdogo, mikono mepesi. Swali la kwanza: "Umempa nini?" Nikasema sijampa kitu.

HAMISI: Kwa nini?

ZUHURA: Aibu. Mle ndani tulikuwa na watu. Akaniangalia, akaangalia ufizi, akauliza tena taratibu: "Dada, umempa Panadol?" Nikaangua kilio. Akasema hajaja kunihukumu, anataka kujua aanze na dawa ipi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja ile dawa kama letu. Inaharibu damu, damu ikashindwa kubeba hewa, ndiyo ile rangi ya kahawa. Nusu kidonge inatosha kumuua. Kumbe ipo dawa ya kuikata sumu yake, asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliomeza Panadol nyingi. Lakini inataka kuwahi. Ningeendelea kuficha, angekuwa anatafuta homa.

HAMISI: Nyumba ngapi wanafanya hivi, dada? Mimi mwenyewe sikujua. Simba ningempa.

ZUHURA: Hata mbwa usimpe bila kuuliza. Na ukishampa, sema. Sema jina la dawa, kiasi na saa uliyompa. Chukua na paketi yake uende nayo.

HAMISI: Ukimwambia daktari, wala hana haja ya... mwenzetu huku ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili?

ZUHURA: Dakika mbili! Na karatasi yangu sijaigusa! Haya, chanjo. Kichaa cha mbwa: mtoto wa mbwa au paka anaanza akitimiza miezi mitatu, halafu...

HAMISI: Na mtu akiumwa na mnyama, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda kwa mganga, kabla ya kupaka chochote.

ZUHURA: Hilo ni muhimu, ahsante. Minyoo...

HAMISI: Minyoo haitoshi kwenye dakika moja.

ZUHURA: Basi minyoo na kuhasi tutakuja nayo siku nyingine. Na wanaotusikiliza, tutumieni majina ya wanyama wenu, na ugomvi ulioyaleta.

HAMISI: Watasema hajawahi kufika kliniki hata siku moja, masikini. Angeandikwaje? Watasema Hamisi.

ZUHURA: [anacheka] Wangeita hivyo, benchi zima lingegeuka kukutazama. Ila la malipo sijakubali.

HAMISI: Wala mimi. Mjomba yuko wapi sasa?

ZUHURA: Nyumbani, kwenye kiti chake. Uvimbe wa uso umeshuka, ufizi unarudi rangi. Leo alfajiri kala dagaa wawili.

HAMISI: Wawili?

ZUHURA: Wawili. Na wa tatu akamnusa.