Ndugu wa Kimeng'enya: ARV na Dawa za Fangasi

(Mhadhara kwa wagonjwa, walezi na wahudumu wa afya wa vijiji, Arua)

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Miaka ile wengi wenu mlipokuwa kwenye nevirapini, ARV ya zamani, alinijia mama mmoja mwenye utando mweupe kinywani, hata uji ulimshinda. Alikuwa amemaliza pakiti mbili za ketokonazoli, dawa ya fangasi, bila nafuu. Aliyemuuzia hakumuuliza kama anameza ARV, naye hakusema, maana nyuma yake palikuwa na watu. Kumbe nevirapini ilikuwa ikilisukuma ini lake livunje ile ketokonazoli upesi, zaidi ya nusu ikapotea bure. Iliniuma sana, maana swali moja tu lingemwokoa.

Naomba muelewe kwa nini hutokea hivyo. Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa ili mwili uzitoe. Fangasi naye ana kimeng'enya cha ukoo huohuo, hukitumia kutengeneza mafuta ya ngozi ya seli yake. Flukonazoli, itrakonazoli na ketokonazoli humshinda kwa kukiziba hicho. Lakini kwa kuwa ni ndugu, dawa hizo hazikomei kwa fangasi. Huviziba na vya ini lako, hiki zaidi, kile kidogo. Kwa hiyo ukimeza flukonazoli pamoja na nevirapini, nevirapini hupanda damuni karibu maradufu, na ikizidi hudhuru ini na ngozi.

Efavirenzi, ARV nyingine, nayo huamsha ini livunje dawa upesi, itrakonazoli ikapungua damuni. Walio kwenye ARV za daraja la pili, zile za baada ya za kwanza kushindwa, zenye ritonaviri, kwenu ni kinyume: itrakonazoli hupanda, na kwa kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 200 kwa siku.

Tangu 2018 Uganda ilipoanza kuwahamishia watu kwenye ARV mpya, dolutegraviri, mzigo umepungua. Hiyo hupita zaidi njia nyingine ya ini, flukonazoli haiisumbui. Ila mwenye kifua kikuu asitulie: rifampisini, dawa yake ya kifua kikuu, huzipunguza zote mbili. Ndiyo maana dolutegraviri huongezwa ikawa asubuhi na jioni, na daktari hutazama upya kipimo cha flukonazoli.

Kuna fangasi wa ubongo, kriptokoka. Kichwa kinauma siku nyingi, shingo inakakamaa: nenda hospitali, usipitie dukani. Huko hutumia amfoterisini, dawa kali ya fangasi, nayo huchosha figo kama tenofoviri, mojawapo ya ARV, inavyoweza, kwa hiyo damu ipimwe. Na ambaye hajaanza ARV asizikimbilie siku hizohizo. Utafiti wa Kampala, Mbarara na Cape Town uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba baada ya wiki 26, walioanza ARV mapema walibaki hai 55 kwa kila 100. Waliosubiri takriban wiki tano, 70. Wagonjwa wetu wenyewe ndio walioifundisha dunia jambo hilo.

Dukani, kama unaona haya, mwoneshe muuzaji kopo lako la ARV bila kusema neno. Akikuuzia bila kulitazama, rudisha pesa yako mfukoni uje kliniki.

Sasa, waliokuja na vidonge vyao, chumba cha nyuma kiko wazi. Ingieni mmoja mmoja, mlango nitaufunga, tuvitazame kimoja baada ya kingine.