Mkimbiaji Mzima Hahitaji Tiba

Mwenyekiti, makocha, walimu wa michezo, ndugu wasikilizaji.

Kila ninapozungumzia wanariadha wanawake waliozaliwa na testosteroni nyingi, ile homoni inayojenga mwili wa kiume, na kanuni zinazowazuia, sifiki mbali kabla mtu hajanyoosha mkono kunitajia Eero Mäntyranta. Basi leo nianze naye, tumalizane. Alikuwa Mfini, bingwa wa mbio za kuteleza kwenye theluji, mwenye medali 7 za Olimpiki kuanzia 1960 hadi 1968. Watu walimnong'ona kwamba anachezea damu yake. Mwaka 1993 wanasayansi wakachapisha walichokigundua: ukoo wake ulirithishana badiliko katika jeni inayohusika na erithropoietini, homoni inayouamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu. Damu yake ilibeba oksijeni kupita ya wenzake. Alizaliwa hivyo, na hakuna aliyemvua medali. Ndipo ninapoulizwa: kama yeye aliachwa, kwa nini Caster Semenya, mkimbiaji wa mita 800 wa Afrika Kusini mwenye testosteroni nyingi ya kuzaliwa, azuiwe? Si naye alizaliwa alivyo?

Swali ni la haki. Jibu langu huwakera wengi, hata wale ninaokubaliana nao kwa mengine. Mäntyranta hakuulizwa kwa sababu mchezo wake hauna kundi la wenye damu nyepesi. Mtazameni Flo Hyman, Mmarekani wa voliboli, kimo mita 1.96, aliyepata medali ya fedha Los Angeles 1984. Alikuwa na ugonjwa wa Marfan, ule unaorefusha mifupa na kudhoofisha mshipa mkuu wa damu, wala mwenyewe hakujua. Januari 1986, mechi ikiendelea nchini Japani, alianguka akiwa benchi, akafariki. Urefu wake ulikuwa faida ya kuzaliwa, tena kubwa, lakini voliboli haigawi wachezaji kwa kimo, kwa hiyo hapakuwa na la kuuliza.

Riadha inagawa kwa jinsia, na inagawa kwa sababu. Rekodi ya dunia ya mita 800 ya wanaume ni 1:40.91, aliyoiweka David Rudisha mwaka 2012. Ya wanawake ni 1:53.28, ya Jarmila Kratochvílová, imesimama tangu 1983. Hizo ni zaidi ya sekunde 12. Ondoeni mgawanyo huo leo, na fainali ya mita 800 haitakuwa na mwanamke hata mmoja, Semenya mwenyewe akiwamo, maana muda wake bora kabisa ni 1:54.25. Sehemu kubwa ya pengo hilo hutokana na testosteroni ya wakati wa balehe: misuli, mifupa, na hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Wanawake wengi wana chini ya nanomoli 2 za homoni hiyo kwa lita ya damu, nanomoli ikiwa kipimo kidogo sana cha kiasi. Wanaume huanzia karibu 8 na kufika 29. Kwa hiyo anayeniambia kwamba testosteroni ni faida kama urefu tu, simkubalii. Urefu haujatengewa kundi. Testosteroni ndiyo iliyofanya kundi la wanawake liwepo, na kundi lenye maana lina mpaka.

Nimeyasema hayo kwanza ili asije mtu akadhani natetea mlango uachwe wazi. Ugomvi wangu ni na namna mpaka ulivyolindwa kwa zaidi ya nusu karne, na hapa mtanivumilia, maana nina mtu mmoja ambaye sichoki kumtaja.

María José Martínez-Patiño alikuwa Mhispania, mkimbiaji wa kuruka viunzi. Mwaka 1983 alipimwa kwenye mashindano ya dunia Helsinki, akapewa cheti kwamba ni mwanamke. Ndiyo, kulikuwa na cheti. Mwaka 1985 akaenda Kobe kwenye michezo ya vyuo vikuu, cheti akakisahau nyumbani. Wakampima tena kwa kukwangua seli za ndani ya shavu. Majibu yakaja na utata. Akaambiwa ajifanye ameumia, akae jukwaani, na kweli alikaa akitazama wenzake wakikimbia. Miezi michache baadaye ikaja barua: kromosomu zake, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, ni XY, kama za wanaume wengi. Hakuwahi kulijua hilo maishani mwake.

Januari 1986 yalipofika mashindano ya taifa, akaambiwa tena ajifanye ameumia na ajiondoe kimya kimya. Akakataa. Akakimbia mita 60 za viunzi, akashinda, na habari zake zikavuja kwenye magazeti. Alifukuzwa kwenye makazi ya wanariadha, ufadhili wa masomo ukakatwa, ushindi wake ukafutwa vitabuni, mchumba akamwacha. Sasa sikilizeni sehemu ambayo huniuma zaidi. Mwili wa dada huyu haukuitikia testosteroni hata kidogo. Homoni ilikuwamo kwenye damu, lakini seli zake hazikuwa na uwezo wa kuipokea. Yaani ile nguvu waliyoogopa kwamba anayo, alikuwa nayo kidogo kuliko wale aliokuwa akishindana nao! Alipigania haki yake, na mwaka 1988 akarudishiwa leseni, baada ya miaka ya kilele chake kupita. Alipojaribu kufuzu Olimpiki ya 1992, alikosa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mtasema hayo ni ya kale. Atlanta 1996 wanawake 3,387 walipimwa. 8 wakakutwa na kromosomu Y, na wote 8 wakaruhusiwa kushindana, kwa kuwa wataalamu walipochunguza waliona saba kati yao miili yao haiipokei homoni hiyo, kikamilifu au kwa sehemu. Kipimo kikaonekana hakifai, na mwaka 1999 kamati ya Olimpiki ikakiacha. Kisha tangu Septemba 2025 shirikisho la riadha duniani limerudi kwenye jeni: kila anayetaka kushindana na wanawake kwenye mashindano ya dunia apimwe jeni ya SRY, ile ya kwenye kromosomu Y inayoanzisha ukuaji wa kiume, mara moja maishani. Nakiri tofauti moja ya maana: kanuni za sasa zinamruhusu mwenye hali kama ya Martínez-Patiño. Hilo ni jema. Lakini kuruhusiwa huko kunakuja baada ya majibu ya kwanza na uchunguzi wa hospitali, na wakati huo wote kuna kocha, meneja, viongozi wa timu na waandishi wanaojiuliza kwa nini fulani hayumo kwenye orodha. Mnadhani siri itakaa?

Nije kwenye dawa za kushusha homoni, ambalo ndilo jambo langu kuu. Mwaka 2011 kikomo cha testosteroni kwa wanawake kiliwekwa nanomoli 10 kwa lita. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi wa michezo ikakisimamisha katika kesi ya mkimbiaji Dutee Chand wa India, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Kanuni zilizotangazwa 2018 zikakishusha hadi 5, kwa mbio za mita 400 hadi maili moja. Mwaka 2023 kikashushwa hadi 2.5, mwanariadha akitakiwa kukaa chini yake kwa miezi 24, kwa mashindano yote. Mkimbiaji mzima wa afya, asiyeumwa chochote, akaambiwa: meza dawa za kubadilisha homoni, ndipo ukimbie. Semenya alizimeza kwa miaka kadhaa, na ameeleza hadharani jinsi zilivyomfanya augue. Mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda amesimulia kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2012 bila kuelezwa vya kutosha anachofanyiwa, na afya yake ikaharibika. Shirikisho limekana kuhusika. Hata anayelikubali kanusho hilo hawezi kukana kwamba kanuni yenyewe ndiyo iliyomfanya mwanariadha atafute daktari wa kumtibu ugonjwa asio nao.

Msimamo wangu ni huu. Shirikisho likiamini fulani hastahili kundi hili, limwambie hivyo, mapema, faraghani, kwa ushahidi wa mbio zile anazokimbia. Lisimwambie ajidhuru kwanza ndipo astahili. Daktari anayeandika dawa hizo anamtibu nani?

Na ushahidi wenyewe? Mwaka 2019 mahakama ile ya usuluhishi ilikataa madai ya Semenya dhidi ya kanuni hizo, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikisema wazi kwamba kanuni ni za kibaguzi ila ni za lazima, na ikaonyesha wasiwasi kuhusu mita 1500 na maili. Miaka miwili baadaye waandishi wa utafiti ambao shirikisho liliutegemea walichapisha sahihisho kwamba matokeo yao hayathibitishi kwamba homoni ndiyo chanzo. Badala ya kanuni kupunguzwa, zikapanuliwa. Julai 2025 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Semenya hakusikilizwa ipasavyo nchini Uswisi.

Naona saa. Nilitaka kumzungumzia Margaret Wambui wa Kenya, aliyependekeza kundi la tatu, na Francine Niyonsaba wa Burundi, wote wakimbiaji wa mita 800 waliozuiwa na kanuni hizi; Niyonsaba ndiye aliyehamia mbio ndefu na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Itabidi mniulize kwenye maswali. Kwenu makocha nina ombi moja. Kanuni hizi zote ni za mashindano ya kimataifa. Hazimpi kocha wala mwalimu ruhusa ya kumtazama binti wa miaka 14, sauti yake, kifua chake, mabega yake, na kumtilia shaka mbele ya wenzake. Kocha akiletewa malalamiko na mzazi wa aliyeshindwa, ayakatae hapo hapo, na jina la mtoto lisiandikwe popote.