Kamera Imeshaona, CT Scan ya Nini?
(Mhadhara kwa wananchi, Moshi)

Wazee wangu shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Pale mlangoni mama mmoja kanishika mkono: "Daktari, kamera imepita, kinyama kimepimwa, majibu ni saratani ya utumbo mpana. CT scan ya nini tena? Si mkate tu?" Ana haki ya kuuliza. Kuna watu wameuza ng'ombe kulipia kipimo hicho.

Mama, kamera inatembea ndani ya utumbo. Nje ya ukuta haioni. CT scan, yaani picha ya eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, ndiyo inayoona huko. Hapa Kilimanjaro nani hajakata mgomba? Ganda juu ya ganda. Ukuta wa utumbo nao una tabaka. Uvimbe ukiishia kwenye misuli, tunauita T2. Ukipenya misuli ukaingia kwenye mafuta, T3. Ukitokeza utando wa nje au ukang'ang'ania kiungo jirani, T4. Mimi kwenye picha napima umepita misuli kwa milimita ngapi. Zikizidi 5, nampigia daktari wa upasuaji simu siku hiyohiyo. Huenda mgonjwa akaanza na dawa za saratani (kemotherapia), kisu kikafuata. Uingereza, Denmark na Sweden, jaribio la tiba liitwalo FOxTROT lilichukua wagonjwa 1,053 waliochaguliwa kwa picha hizi. Waliotangulizwa kemotherapia wiki 6, ugonjwa ulibaki au kurudi ndani ya miaka 2 kwa karibu 17 katika kila 100. Waliotangulia kukatwa, karibu 22.

Halafu ini. Damu ya utumbo hupitia huko, na mbegu za saratani hupanda gari hilohilo. Ndiyo maana tunakuchoma mshipani dawa ya kung'arisha picha, tunasubiri kama sekunde 70, ini limenywa vizuri, ndipo tunapiga picha. Utasikia joto linashuka hadi chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. (Kicheko.) Ila figo zipimwe kwanza, kabla ya dawa hiyo.

Mitoki, yaani tezi ndogo za limfu, ndiyo inayotushinda. Mkubwa unaweza kuwa umevimba tu, mdogo ukawa na saratani ndani. Hapo picha inakisia. Jibu liko maabara baada ya upasuaji, na wanataka wahesabu mitoki angalau 12.

Puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni habari nyingine, huko tunataka MRI, picha ya mashine ya sumaku.

Na CD yenye picha zenu mje nayo, siyo karatasi ya majibu peke yake. Juzi nimeletewa moja imefungwa na gazeti la maandazi, mafuta tele. Tumeifuta na kanga, ikasoma.