Mpelelezi Anayedaiwa

Ndugu zangu, kwenye zile filamu za noir za Marekani, yaani filamu za uhalifu zenye giza la picha na la moyo, za miaka ya 1940, mpelelezi aliweza kufa au kuharibikiwa kabisa, hadithi ikaishia hapo. Mwenye kipindi cha televisheni cha kila wiki hana nafasi hiyo. Ijumaa ijayo mtu yuleyule lazima arudi, mzima, apokee kesi nyingine. Sasa lile giza aliweke wapi?

Jibu ninalolipenda ni The Rockford Files, tamthilia iliyorushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia 1974 hadi 1980. Walioibuni, Roy Huggins na Stephen J. Cannell, walilitia giza lao mfukoni mwa mpelelezi. Jim Rockford, anayeigizwa na James Garner, alifungwa gereza la San Quentin, California, kwa kosa asilolitenda, akaja kusamehewa. Anaishi kwenye trela ufukweni Malibu. Bastola yake imo ndani ya kopo la biskuti jikoni, na ngumi zikinukia hujaribu kwanza maneno. Ada ni dola 200 kwa siku, gharama mbali. Philip Marlowe, mpelelezi wa riwaya za Raymond Chandler, mwaka 1939, alitoza dola 25, na bado alikuwa tayari kumrudishia mteja pesa zake kwa ajili ya heshima. Rockford hana anasa hiyo. Yeye angezipokea kwa mikono miwili, ila wateja wenyewe hawalipi!

Tazameni kila sehemu inavyoanza. Simu inalia mezani. Mashine inaitika kwa sauti yake: acha jina na ujumbe, nitakupigia. Kisha anasikika mtu mwingine, huyu anadai, yule analalamika, na kila wiki ujumbe ni mpya. Kesi haijaanza, maiti haijaonekana, na tayari mmeshajua bwana huyu ana hali gani. Wapenzi wa makoti ya mvua na moshi wa sigara mnisamehe, kwangu hayo ni mapambo tu.

Baadaye vikaja visa vinavyokamilika ndani ya msimu mmoja. Tamthilia ya True Detective ya 2014 ilimaliza kisa chake kwa sehemu 8, na msimu uliofuata ukaleta watu wengine kabisa, basi hakuna tena wa kulindwa hadi wiki ijayo. Giza likarudi kwa wingi. Rust Cohle, mpelelezi wa msimu ule wa kwanza, anaogopesha akianza kuzungumzia uhai na mauti, sikatai. Lakini hofu ya Rockford ni ya mwisho wa mwezi, nami hiyo naiamini zaidi.

Haya, karibuni maswali.